Mshipa wa figo ukibana: picha inaonyesha umbo, haionyeshi kosa

Karatasi ya altrasaundi ya tumbo huwa fupi. Ini liko sawa, nyongo haina mawe, wengu ni wa kawaida, kisha mstari mmoja: figo ya kulia sm 10.8, figo ya kushoto sm 8.6. Mgonjwa alikwenda kutazamwa kwa sababu ya maumivu ya tumbo, akaambiwa hakuna jambo kubwa. Karatasi inakunjwa na kutiwa mkobani, pamoja na kadi ya kliniki inayosema kwamba mama huyu wa miaka 31 ana presha ya 180/110 ingawa anameza dawa tatu kila siku. Karatasi hizo mbili hukaa ndani ya mkoba mmoja kwa miaka, na hakuna anayezisoma kwa pamoja.

Mfano huu nimeutunga, lakini kila kipande chake ni cha kawaida. Figo za mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi, na mbili hizo hukaribiana sana. Zikipishana kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, inafaa mtu aulize kama ile ndogo inapata damu ya kutosha. Mama huyu huenda ameambiwa kwamba presha yake ni ya mawazo, au ya kurithi, au ya chumvi. Huenda ni kweli. Ila huenda pia ateri inayopeleka damu kwenye figo yake ya kushoto imebana, na kwamba presha inatoka hapo.

Kutambua hitilafu za mishipa ya damu ya figo ni kazi yenye mtego ndani yake. Kuona kwamba mshipa umebana si kugumu sana siku hizi. Kugumu ni kujua kama kubana huko ndiko kunakosababisha ugonjwa ulio mbele yako. Mtego huo umewanasa madaktari tangu zamani, na umewagharimu watu figo zao.

Figo iliyodanganywa

Figo zote mbili zikiwekwa kwenye mizani hufika gramu 300 hivi. Hata hivyo hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani lita moja au zaidi kila dakika. Damu hiyo nyingi haiji kuilisha figo, inakuja kuchujwa. Ndiyo maana kila kichujio, na vipo kama milioni moja katika kila figo, kina walinzi mlangoni: chembe zinazohisi jinsi mshipa mdogo unaoingia unavyotanuka kwa nguvu ya damu. Nguvu ikipungua, chembe hizo humwaga kwenye damu kemikali iitwayo renini.

Renini iligunduliwa Stockholm na Robert Tigerstedt pamoja na mwanafunzi wake Per Bergman, waliosaga figo za sungura, wakamdunga sungura mwingine maji yake na kuona presha ikipanda. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1898. Leo tunajua mlolongo wenyewe: renini huzalisha angiotensini, angiotensini hubana mishipa mwili mzima, kisha huiamsha homoni ya aldosteroni ambayo huzuia chumvi na maji visitoke na kuiacha potasiamu ipotee kwenye mkojo.

Kwa mtu anayetoka damu baada ya ajali, mpango huu ni wa kuokoa maisha. Shida ni kwamba figo hupima kile kinachoifikia tu. Ateri yake ikibana, figo iliyo ng'ambo ya pale palipobana huona damu hafifu na kuamini kwamba mwili mzima unakaukiwa. Inapiga kelele ya hatari, na presha inapanda kwa mtu ambaye hakupungukiwa na tone la damu.

Aliyelithibitisha jambo hili vizuri ni Harry Goldblatt, mtaalamu wa patholojia wa Cleveland, Marekani. Alipokuwa akichunguza maiti za watu waliokuwa na presha kali, aliona kwamba ateri za figo zao zilikuwa nyembamba mno. Wenzake wengi walisema presha ndiyo iliyoharibu mishipa. Yeye akajiuliza kama mambo hayawezi kuwa kinyume. Akatengeneza vibanio vidogo vya fedha, akavifunga kwenye ateri za figo za mbwa, akavikaza kidogo kidogo. Presha ya mbwa ikapanda na kubaki juu. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1934.

Miaka minne baadaye Leadbetter na Burkland waliandika habari za mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyekuwa na presha kali. Figo yake moja ilikuwa mahali pasipo pake na ateri yake ilikuwa imezibwa na misuli ya ukuta wake wenyewe. Figo ikatolewa, presha ikashuka. Mtu anaweza kufikiria furaha iliyoenea hospitalini baada ya habari kama hiyo. Madaktari wa upasuaji wakaanza kutoa figo ndogo popote walipozikuta pamoja na presha.

Mwaka 1956 Homer Smith, mwanafiziolojia aliyeijua figo kuliko watu wengi wa wakati wake, alikaa chini akahesabu. Alikusanya taarifa za wagonjwa 575 waliotolewa figo moja kwa ajili ya presha. Mwaka mmoja baada ya upasuaji, ni kama robo tu waliokuwa na presha ya kawaida. Wengine walipoteza figo, presha ikabaki. Figo ndogo walikuwa nayo kweli, presha walikuwa nayo kweli, lakini ya kwanza haikuwa mama wa ya pili.

Hesabu ya Smith ndiyo mizizi ya uangalifu wote unaofuata, nami huona vibaya kwamba mara nyingi inarukwa. Bila kuijua, mgonjwa hawezi kuelewa kwa nini daktari wake hakimbilii kuuzibua mshipa ambao picha imeonyesha wazi kuwa umebana.

Nani wa kushukiwa

Watu wengi wenye presha hawana shida ya mishipa ya figo, na kumpima kila mmoja kwa mashine za gharama kungekuwa kupoteza fedha na kuwatia watu hofu. Uchunguzi huanza kwa kusikiliza historia.

Umri hueleza mengi. Presha kali inayoanza kabla ya miaka 30, hasa kwa mwanamke asiye mnene na ambaye wazazi wake hawana presha, inastahili swali. Katika umri huo kuna magonjwa mawili ya kufikiriwa. Moja linaitwa fibromaskula displasia: tabaka za ukuta wa ateri hukua ovyo, sehemu zikinenepa na sehemu zikilegea, hata mshipa ukaonekana kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Katika kila wagonjwa kumi, wanane au tisa ni wanawake. La pili ni ugonjwa wa Takayasu, uliopewa jina la daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, aliyeeleza mwaka 1908 mabadiliko ya ajabu ya mishipa ndani ya jicho la msichana. Hapa kinga ya mwili hushambulia aota, yaani ateri kuu inayotoka moyoni, na matawi yake makubwa. Katika Asia na kusini mwa Afrika ugonjwa huu ni miongoni mwa sababu muhimu za ateri ya figo kubana kwa vijana, na ni rahisi kuupita usipouwaza. Dalili yake moja haihitaji mashine yoyote ila ile ya presha: presha ya mkono mmoja hupishana sana na ya mwingine, au mapigo ya mkono mmoja hayapatikani kabisa. Presha kupimwa mikono yote miwili ni dakika tano. Sijui kwa nini jambo hili halifanywi kwa kila kijana mwenye presha.

Kwa mtu aliyevuka miaka 55, sura hubadilika. Sababu kubwa hapo ni mafuta na chokaa kuganda kwenye ukuta wa ateri, kwa kawaida pale pale inapochipuka kutoka kwenye aota. Mtu wa aina hii mara nyingi amevuta sigara, ana kisukari, au miguu yake inauma akitembea kwa sababu mishipa ya huko nayo imeziba. Presha iliyokuwa imetulia miaka kumi inaanza kukaidi dawa ghafla.

Kuna ishara mbili zaidi ambazo daktari makini hazipuuzi. Ya kwanza ni kupanda kwa kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, baada ya kuanza dawa za kundi la kaptoprili, enalaprili au losartani. Dawa hizi hukata mlolongo wa renini. Figo iliyo nyuma ya mshipa uliobana huishi kwa mlolongo huo huo, kwa kuwa angiotensini ndiyo inayoibania mlango wa kutokea ili kichujio kisikose nguvu. Ukiikata, uchujaji unaanguka. Kreatinini ikipanda kwa zaidi ya asilimia 30 ndani ya wiki chache, huenda ateri zote mbili zimebana, au ile ya figo pekee iliyobaki. Ya pili ni mapafu kujaa maji ghafla, mara nyingi usiku, mgonjwa akiamka anatweta na presha iko juu sana, ilhali moyo wake ukipimwa baadaye unaonekana kusukuma vizuri. Mgonjwa huyo anaweza kulazwa mara tatu kwa ugonjwa wa moyo kabla mtu hajatazama figo.

Potasiamu iliyo chini kwa mtu ambaye hanywi dawa ya kukojoza ni kidokezo kingine. Na mlio wa mvumo juu ya kitovu, daktari anapoweka chombo chake cha kusikilizia, nao una maana ukisikika, ingawa kutosikika kwake hakumwondolei mtu shaka.

Mashine na mipaka yake

Kipimo cha kwanza kwa kawaida ni altrasaundi ya Doppler. Hii si ile altrasaundi ya kawaida iliyotoa karatasi ya mama yetu, ingawa mashine inaweza kuwa ile ile. Ya kawaida hupima umbo. Ya Doppler hupima mwendo wa damu, kwa kanuni ambayo Christian Doppler aliieleza mwaka 1842: sauti hubadilika kinachoitoa au kuirudisha kinapokaribia au kuondoka.

Ukiubana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba, maji huruka kwa kasi. Ndivyo damu inavyofanya ikipita mahali palipobana. Kasi ikizidi sentimita 180 hadi 200 kwa sekunde, mpimaji huingiwa na shaka. Kisha huilinganisha na kasi ya ndani ya aota, na ya ateri ya figo ikiwa zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ya aota, kubana kwa asilimia 60 au zaidi kunawezekana sana. Halafu huingia ndani ya figo yenyewe na kutazama mapigo ya matawi madogo. Ng'ambo ya kizuizi mapigo hufika yamechelewa na yamelegea, kama ujumbe uliopitia kwa watu wengi.

Kipimo hiki hakina mionzi, hakina sindano, hakiumizi figo, na kinaweza kurudiwa kila mwaka. Lakini kinategemea mkono wa mpimaji kuliko kipimo kingine chochote katika orodha hii. Ateri za figo ziko nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo, na mbele yake kuna utumbo wenye gesi. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asile kwa saa sita hadi nane kabla. Kwa mtu mnene, au asiyeweza kuzuia pumzi, huenda ateri zisionekane hata kidogo. Jibu la "hakuna kubana kulikoonekana" lina uzito tofauti kabisa na "ateri zote mbili zilionekana kwa urefu wake wote na hazijabana". Msomaji akipewa karatasi ya Doppler, atafute ni lipi kati ya hayo mawili limeandikwa.

Isitoshe, watu wengi hawana ateri moja kila upande. Karibu mtu mmoja kati ya wanne ana ateri ya ziada kwenye figo mojawapo. Hiyo si ugonjwa, ni namna alivyoumbwa, lakini ateri ya ziada ikibana inaweza kuzua presha wakati ateri kubwa aliyoipima mtaalamu iko salama. Wanaojua hili vizuri ni madaktari wa upandikizaji. Tangu Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, kama ilivyo popote panapofanyika upandikizaji, ndugu anayejitolea hupigwa picha ya mishipa kwanza. Wanahesabu ateri za kila figo, kwani figo yenye ateri moja ni rahisi zaidi kuunganisha kuliko yenye tatu.

Picha hiyo ni CT skani ya mishipa. Dawa ya rangi yenye iodini hudungwa kwa kasi kwenye mshipa wa mkono, na mashine hupiga picha sekunde chache baadaye, dawa ikiwa bado ndani ya ateri. Wakati ndio siri yake. CT skani ya kawaida ya tumbo, iliyopigwa baadaye kidogo ili kutazama ini, haitoshi kusema lolote la uhakika kuhusu ateri ya figo, na si vibaya kumuuliza anayeandika fomu kama ameomba picha ya mishipa hasa. Ikipigwa vizuri huonyesha shanga za fibromaskula displasia, huonyesha ukuta mnene wa Takayasu, huonyesha ateri za ziada. Udhaifu wake ni mionzi, na kwamba dawa ya rangi inaweza kuwa mzigo kwa figo ambazo tayari zimechoka sana. Chokaa nyingi kwenye ukuta nayo hung'aa na kufanya mshipa uonekane umebana kuliko ilivyo.

MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huepuka mionzi, ila ina tabia ya kuzidisha kubana na haioni vizuri matawi ya mbali. Dawa yake ya gadolinia ilileta funzo chungu: mwaka 2006 ilihusishwa na ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa kwa watu ambao figo zao zilikuwa karibu kufa. Aina mpya za dawa hiyo ni salama zaidi, na zipo njia za kupiga picha bila dawa kabisa.

Kuna pia kipimo cha nyuklia kinachofanywa kabla na baada ya kumeza kaptoprili. Zamani kilitumika sana kutafuta mshipa uliobana, lakini hushindwa ateri zikibana pande zote mbili. Faida yake iliyobaki ni kubwa vya kutosha: huonyesha kila figo inabeba asilimia ngapi ya kazi.

Kumkamata mwenye kosa

Kipimo cha mwisho ni kuingiza mrija mwembamba kwa njia ya nyonga au kiwiko cha mkono, kwa ufundi ambao Sven-Ivar Seldinger wa Sweden aliueleza mwaka 1953, na kuupandisha hadi ndani ya ateri ya figo. Picha zake ni safi kuliko zote. Lakini thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, ni jambo ambalo mashine nyingine haziwezi: kuweka waya wenye kipimo cha presha upande wa pili wa mahali palipobana na kusoma tofauti. Mshipa uliobana kwa nusu mara nyingi hupitisha damu bila taabu. Presha ya ng'ambo ikiwa chini ya asilimia 90 ya presha ya aota, figo inaanza kudanganywa. Ikiwa zaidi ya hapo, mshipa una sura mbaya lakini hauna kosa.

Tofauti hii ya sura na kosa ndiyo inayoeleza matokeo yaliyowashangaza wengi. Mwaka 1978 Andreas Grüntzig, akiwa Zurich, alitoa taarifa ya kuupanua mshipa wa figo kwa puto, na baadaye zikaja stenti, vibomba vya waya vinavyoachwa ndani ili mshipa usirudi kubana. Maelfu ya watu waliwekewa. Kisha utafiti wa ASTRAL wa mwaka 2009, wenye wagonjwa 806, na wa CORAL wa mwaka 2014, wenye wagonjwa 947, ukalinganisha waliowekewa na waliotumia dawa peke yake, wote wakiwa na mishipa iliyobana kwa mafuta. Stenti haikupunguza vifo wala kuokoa figo kuliko dawa. Ni Homer Smith tena, miaka zaidi ya 50 baadaye. Lazima niongeze kwamba wagonjwa wa hatari zaidi, kama wale wanaojaa maji mapafuni mara kwa mara, hawakuwa wengi katika tafiti hizo, na kwao kuzibua mshipa bado kuna nafasi. Kwa wanawake vijana wenye fibromaskula displasia hali ni tofauti kabisa: puto pekee, bila stenti, mara nyingi hupunguza dawa, na wengine huziacha. Kwa Takayasu, uvimbe lazima utulizwe kwa dawa kwanza, vinginevyo mshipa hubana tena.

Hitilafu nyingine ni chache zaidi. Donge la damu likitoka moyoni na kuziba ateri ya figo ghafla, maumivu ya kiunoni hufanana mno na ya jiwe la figo. Mtu mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na maumivu hayo, ambaye altrasaundi haikukuta jiwe, anahitaji picha ya mishipa siku hiyo hiyo. Donge kwenye vena ya figo, mshipa unaorudisha damu kutoka kwenye figo, huwapata hasa wanaopoteza protini nyingi kwenye mkojo. Vena ya kushoto nayo, ikipita kati ya aota na ateri ya utumbo, inaweza kubanwa kama njugu ndani ya koleo, na kijana mwembamba akakojoa damu bila sababu kuonekana. Ateri kuvimba kama puto kwa kawaida hufuatiliwa tu mpaka ifike sentimita tatu hivi, isipokuwa kwa mwanamke anayetarajia kuzaa, kwa kuwa ujauzito huongeza hatari ya kupasuka.

Kwa mama wa mfano wetu, ningeanza na vitu vya bei nafuu: presha ya mikono miwili, kreatinini, potasiamu, kipimo cha mkojo, na historia ya dawa alizowahi kutumia na kilichotokea alipozianza. Halafu Doppler, kwa mpimaji aliyeizoea. Majibu hayo yakikubaliana, CT skani ya mishipa. Mrija uje mwisho, na uje pale tu ambapo kuna nia ya kutibu kitakachokutwa. Akienda, achukue karatasi zote za altrasaundi alizo nazo, hata ya kliniki ya wajawazito ya miaka sita iliyopita, maana ikiwa humo kuna mtu aliyeandika kwamba figo ya kushoto ilikuwa sm 10.4, basi imepungua karibu sentimita mbili tangu siku hiyo, na daktari atajua hakuzaliwa na figo ndogo.